Viraka vya Shaba

Bibi yangu alikuwa na sufuria yenye viraka vitatu. Kila ilipotoboka aliipeleka kwa fundi. Nilimkumbuka niliposoma kuhusu Tromelin, kisiwa cha mchanga mashariki ya Madagaska, ambako waakiolojia walifukua mabakuli ya shaba yaliyotiwa viraka juu ya viraka.

Wenye mabakuli hayo walikuwa watu wa Madagaska, au Bukini kama wazee wa pwani walivyoiita. Julai 1761 meli ya Kifaransa, L'Utile, iliwapakia watu wapatao 160 huko Foulpointe ikielekea Isle de France, ndiyo Morisi ya leo. Iliwapakia kwa magendo, kwani gavana wa Isle de France alikuwa amepiga marufuku kuingiza watumwa. Hakufanya hivyo kwa huruma. Palikuwa na vita na Waingereza. Aliogopa kuzingirwa, chakula kisitoshe.

Meli ikapanda mwamba wa Tromelin usiku. Wengi wa waliofungiwa chini wakazama. Mabaharia wakaunda chombo kwa mbao za mabaki, wakaenda zao, wakiwaachia watu wapatao 60 ahadi ya kurudi kuwachukua. Gavana akakataa kutuma meli.

Ikapita miaka 15. Walikula kasa na ndege, wakasuka manyoya wakavaa. Kisiwa hakina miti ya kujengea, basi wakajenga nyumba za mawe ya matumbawe, na kwao nyumba ya mawe ni ya maiti. Mwaka 1776 waliookolewa walikuwa wanawake 7 na mtoto wa miezi 8.

Linaloniuma ni kwamba marufuku ile ilimwona mfanyamagendo, haikumwona mtu. Na upofu huo haukuishia hapo. Waingereza walikataza biashara ya watumwa mwaka 1807, na mwaka 1822 Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, akatia sahihi mkataba wa kutoyauzia mataifa ya Kikristo watumwa, ili Kilwa na Unguja zisiendelee kulisha mashamba ya miwa ya Morisi na jirani zake. Lakini watumwa waliokutwa katika meli zilizokamatwa na kuitwa huru walipelekwa Morisi kwa mabwana, kwa mikataba ya kazi ya hadi miaka 14.

Wale wanawake wa Tromelin walitangazwa huru, kwa kuwa walinunuliwa kinyume cha sheria. Walipoulizwa kama wangependa kurudishwa Bukini, walikataa. Huko ndiko walikouzwa. Mabakuli yao waliyaacha jikoni, mchangani.