Mashine Inayojua Kusimama
Kung'arisha rangi ya gari ni kupunguza, si kuongeza: mashine hula vanishi ya juu, ambayo aghalabu ina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, na kilicholika hakirudi. Kwa hiyo kuchagua mashine ni swali la maadili kabla halijawa la bei. Ile inayozunguka palepale hulimbikiza joto, na kwenye ukingo wa boneti inaweza kuunguza rangi kwa sekunde chache. Ile ya kawaida inayozunguka huku ikiyumba, ukiikandamiza mno, pedi husimama. Fundi mzoefu atasema ya kwanza huondoa mikwaruzo mikubwa upesi zaidi. Kweli, lakini hata fundi huchoka, na gari lenyewe mara nyingi ni la mwenzake.