Kujua na Kuweza

Je, ajuaye hatari asipoiepuka, lawama yote ni yake? Mkoani Mwanza, mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwaka 1999 kufundisha wanafunzi wa shule za msingi juu ya maradhi ya zinaa. Uchunguzi wa 2007 na 2008 ulionyesha kuwa maarifa ya waliofundishwa yalizidi, lakini maambukizo ya virusi vya UKIMWI hayakuwa machache kuliko ya wenzao. Elimu haikupotea bure, ila haikutosha. Msichana apataye sabuni na daftari kwa hisani ya mwanamume hujua haki yake, lakini hana sauti ya kuidai. Taa humwonyesha mtu mwiba, haiung'oi. Lawama ya haki huanza kwa wawezao kuung'oa: wanaume, wazazi na serikali.