Jalada, Neno na Sura ya Zimwi

Wasomaji wengi hulihesabu jalada la kitabu kuwa ni shughuli ya muuzaji, isiyostahili kumshughulisha mtu mwenye fikra; nami naona kwamba chini ya karatasi ile limelala suala kongwe, ambalo wanazuoni wa dini wamelijadili karne nyingi, nalo ni hili: kitu ambacho hakuna jicho lililopata kukiona, kikatufikia kwa njia ya neno peke yake, ni nani mwenye haki ya kukivisha mwili?

Msomaji wa riwaya za ajabu hukutana na suala hilo kila anapoona kuwa picha ya nje inakana maneno ya ndani. Mwaka 1965 kitabu cha Tolkien, The Hobbit, kilitolewa Marekani na jalada lenye emu, wale ndege wa Australia walio mfano wa mbuni, ambao hawamo kabisa katika hadithi. Mwandishi akauliza kwa hasira wametoka wapi, kumbe mchoraji hakuwa amekisoma kitabu. Hilo ni kosa la haraka, na lasameheka. Lisilosameheka ni lililompata Ursula Le Guin, ambaye katika A Wizard of Earthsea ya mwaka 1968 alieleza kwa maneno yaliyo wazi kwamba shujaa wake Ged ana ngozi ya hudhurungi yenye wekundu, na kwamba wengi wa watu wa visiwa vya hadithi hiyo si weupe. Lakini kwa miaka mingi, juu ya malalamiko yake, majalada mengi yalimtoa Ged akiwa mweupe. Kijana mweusi aliyeandikiwa shujaa wa kufanana naye alinyang'anywa shujaa huyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, na jambo hilo siwezi kuliita kwa jina jingine ila dhuluma.

Dini zetu zimelionja jambo hili. Hadithi za Mtume humweleza Burak kuwa mnyama mweupe, mdogo kuliko baghala na mkubwa kuliko punda, ambaye hatua yake moja hufika upeo wa macho. Picha za karatasi za kubandika ukutani zikampa uso wa mwanamke na taji kichwani. Injili ya Mathayo yataja mamajusi kutoka mashariki wala haitoi idadi yao. Michoro ya Krismasi ikawafanya watatu, na ukimwuliza muumini atakuapia kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Picha, basi, haibaki nje ya kitabu mahali ilipobandikwa, bali huingia ndani, ikaketi mahali pa neno, na baada ya kizazi kimoja neno lenyewe likaonekana geni.

Huku Usukumani, kuanzia Shinyanga hadi Geita, iko hadithi ambayo kwa maoni yangu imelifikiri suala hili kwa kina kuliko vitabu vingi. Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yao, asisalie ila mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya makapi, naye akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua na kuambiwa yaliyompata baba yake, alitoka kwenda kulitafuta zimwi asilopata kuliona. Akaua panzi, akamletea mama yake na kumwuliza kama huyo ndiye, mama akakana. Akaleta ndege, akaleta paa, na kila mara mama, ambaye ndiye pekee mwenye habari, alimjibu kwamba Shing'weng'we ni mkubwa kupita huyo. Tazama ilivyo: kijana ana neno tu, na kila kiumbe anachokileta ni sura aliyodhani inalingana na neno hilo, na kila sura inapimwa kwa neno na kukataliwa. Masala hakuudhika akasema kwamba panzi anatosha.

Nami napenda zaidi kwamba msimulizi hasemi zimwi lina macho mangapi wala pembe za namna gani. Ukubwa wake na kumeza kwake ndizo sifa zake zote, na kimya hicho hakikutokana na upungufu wa ufundi. Mtoto wa Geita, aliyekulia karibu na shimo la mgodi uliofunguliwa mwaka 2000, huliona tumbo la zimwi kwa namna yake. Bibi yake, aliyeujua mgodi wa zamani uliofungwa mwaka 1966, ambao uliteremsha wanaume chini ya ardhi kila siku, aliliona kwa namna nyingine. Na mtoto wa mfugaji wa Kishapu, aliyeshuhudia ng'ombe wakiisha katika mwaka wa ukame, analo la kwake. Wote watatu wako sahihi, na mchoro mmoja wa jalada ungewafanya wawili kati yao kuwa waongo.

Franz Kafka alilijua hilo. Mwaka 1915, kisa chake cha mtu aliyeamka akiwa mdudu kilipokuwa kikitayarishwa kuchapwa, aliwaandikia wachapishaji akiwasihi mdudu huyo asichorwe kabisa, hata kwa mbali. Na jalada likatoka na mtu aliyejifunika uso mbele ya mlango ulio wazi. Kwangu hilo ni jalada la insafu kamili.

Wapo watakaoniambia kwamba mtoto hawezi kuvutwa na kitabu kisicho picha, na neno lao ni la haki. Basi mchapishaji atakayeitia hadithi ya Masala kitabuni, nami natamani atokee, namwomba amtake mchoraji aisome yote kwanza, ndipo amchore kijana ameshika panzi wake na mama akitikisa kichwa, makapi yaliyomficha mama yawe makapi hasa, si nyasi wala pango, kwa kuwa neno limeyataja, zimwi asiliguse. Na watu waliomezwa watakapotoka tumboni, asimrudishie bibi kizee sikio ambalo Masala alimkata bila kukusudia alipokuwa akilipasua zimwi alilokwisha kuliua, maana ugomvi wote wa mwisho wa hadithi watoka katika sikio hilo.