Mama wa Shunemu



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za mama wa Shunemu. Mtoto wake alishikwa na kichwa shambani, akafa magotini pa mama yake. Mumewe alimwuliza kwa nini asafiri siku isiyo ya sabato. Hata hivyo mama yule alitandika punda, akamwamuru mtumishi asipunguze mwendo, wala hakutulia mpaka alipomfikia Elisha katika mlima Karmeli.

Akina mama wa Kamanga, ninyi nanyi mwajua kufanya hivyo. Mtoto akipatwa na homa usiku, mwambeba kabla hakujapambazuka. Lakini maumivu yakiwa ya mama mwenyewe, husema, "Si kitu, yatapita," akaenda kuteka maji na kuanika dagaa. Nasi wahubiri tuna sehemu yetu katika kosa hili. Tumewasifu kwa uvumilivu wenu, tusiwaambie kwamba yako maumivu yasiyopasa kuvumiliwa.

Mojawapo ni mshtuko wa moyo. Mshipa uletao damu katika moyo huzibwa na damu iliyoganda, na nyama ya moyo ikikosa damu huanza kufa. Wengi hudhani ni ugonjwa wa wanaume, kumbe maradhi ya moyo na mishipa huua wanawake duniani kuliko ugonjwa mwingine wowote. Dalili iliyo kubwa ni kifua kubanwa, kana kwamba kimelemewa na mzigo. Lakini kwa wanawake mara nyingi huja na nyingine, na pengine kifua hakiumi kabisa: kukosa pumzi, kichefuchefu, jasho la baridi, maumivu ya taya, shingo, mgongo au mkono, na uchovu mkubwa usio na sababu. Basi mama hudhani ni kiungulia, akajilaza. Aliye na shinikizo la damu au kisukari, na avutaye tumbaku, hana budi kuzidi kujihadhari.

Afanyeje? Aache kazi, aketi, amwambie waziwazi aliye karibu naye. Apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya, asiende peke yake kwa miguu. Akiambiwa avuke ziwa kwenda Hospitali ya Bugando kule Mwanza, asikawie. Ni heri kungoja chombo gatini kuliko kungoja kitandani. Wala asingojee ruhusa ya mume aliye ziwani. Nanyi waume, toeni ruhusa hiyo leo, kabla ya siku ya taabu.

Walimu wa vijiji, wasomeeni akina mama maneno haya katika vikao vyao, hasa bibi zetu wasiojua kusoma.

Mama wa Shunemu aliharakisha kwa ajili ya mwanawe. Mwili wako wewe mama pia ni hekalu la Roho Mtakatifu, nao ulinunuliwa kwa thamani. Basi siku hiyo itakapokujia, tandika punda kwa ajili yako mwenyewe. Mungu atusaidie. Amin.