Mtoto Mnene: Ni Kosa la Nani?

Tukisikia kwamba nchi fulani imetunga sheria ili watoto wasinenepe kupita kiasi, wengi wetu tunacheka. Sisi twalilia watoto waliokonda, na hao wanasumbuliwa na unene! Lakini tusicheke upesi. Chile, nchi ya Amerika ya Kusini, nayo ililia hivyo. Rais Salvador Allende, aliyetawala tangu 1970 hadi 1973, aliagiza kila mtoto apewe nusu lita ya maziwa kwa siku. Baadaye njaa ile ya watoto ilipungua sana. Na kabla wazee walioiona hawajafa, unene ukaingia katika nyumba zile zile, na nyuma yake ugonjwa wa sukari na wa moyo.

Basi kosa ni la nani? Wengine husema: la mtoto, ni mlafi. Hapana. Mlafi ni yule ajuaye kipimo na kukiruka kwa hiari yake. Mtoto wa miaka sita ajua kipimo gani? Wengine husema: la wazazi. Neno hili lina ukweli, maana walezi wa kwanza ni baba na mama, wala hakuna serikali iwezayo kukaa mezani mahali pao. Lakini mama atachaguaje vema, ikiwa sukari imefichwa katika maandishi madogo nyuma ya pakiti? Tena atamkatazaje mtoto, ikiwa mfanya biashara amekwisha kusema naye pembeni, kwa picha za wanyama na vitu vya kuchezea? Hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe. Hata kijijini, mtu amwendeaye mtoto kwa siri, wazazi wasipokuwapo, hatumwiti rafiki.

Chile ilitunga sheria yake mwaka 2012, ikaanza kushika Juni 2016. Chakula cha kiwandani kilichotiwa sukari, chumvi au mafuta kupita kipimo hubandikwa alama nyeusi yenye pembe nane, isemayo wazi ni kitu gani kilichozidi. Kipimo kilikazwa hatua kwa hatua: tangu 2018, kinywaji kilichotiwa sukari kinapata alama kikipita gramu 5 katika mililita 100. Chenye alama hakiuzwi shuleni, hakitangazwi kwa walio chini ya miaka 14, wala hakivutii watoto kwa kitu cha kuchezea. Ndiyo maana yai la chokoleti liitwalo Kinder Surprise liliondolewa madukani.

Mtu atasema: serikali si baba yangu; leo yachagua biskuti, kesho itachagua nini? Swali hili si la kudharau. Lakini tazameni vizuri: mtu mzima wa Chile bado anaweza kununua soda yenye alama na kuinywa yote. Sheria haikumnyang'anya mzazi uchaguzi wake, ilimpa macho, ikamfukuza yule aliyesimama kati yake na mwanawe. Wataalamu walipopima miezi 18 ya kwanza, waliona ununuzi wa vinywaji vyenye alama umepungua karibu robo, kuliko ulivyotazamiwa bila sheria.

Hata hivyo alama haitii fedha mfukoni. Mama maskini aweza kuisoma, akaielewa, na bado akanunua biskuti, kwa sababu matunda yamemshinda bei. Huyo tusimlaumu kwamba hajui. Anajua sasa, na deni la wenye kutawala kwake bado halijalipwa.