Kidole Kimoja Hakivunji Chawa



Methali hii tunaijua tangu utoto. Washona wa Zimbabwe nao wanayo: "Chara chimwe hachitswanyi inda." Chara ni kidole, inda ni chawa. Tazameni jinsi lugha zetu zilivyo ndugu: wao husema "hachi", sisi husema "haki". Kwao kama kwetu, chawa alibanwa kati ya kucha za vidole gumba viwili. Kimoja kikikosekana, chawa anakwenda zake.

Kwa kawaida twaitumia methali hii tunapotaka msaada. Mwenye harusi huisema, na mkusanya michango huisema. Lakini mimi nauliza: je, mchango ni kidole?

Zamani wakulima wa Kisukuma walilima shamba la mwenzao kwa pamoja, majembe yakifuata ngoma. Ngoma ile ya majembe, bugobogobo, huchezwa hata leo. Aliyelimiwa leo, kesho alikwenda kulima kwa mwingine. Hakutuma jembe liende peke yake.

Hapa kwetu, tangu mgodi wa Bulyanhulu uanze kuzalisha dhahabu mwaka 2001, wageni wameongezeka, na kila mtu ana shughuli zake. Miaka michache iliyopita jirani yangu alifiwa na mtoto. Nilituma fedha kwa simu, tena si haba, nikabaki nyumbani nikisikiliza redio. Niliona nimetimiza wajibu.

Baadaye mke wangu aliugua kwa muda mrefu. Fedha zilikuja. Lakini usiku mmoja ilibidi kumgeuza kitandani, nami peke yangu sikuweza. Nilitoka nje kuita mtu. Aliyeamka ni yule jirani. Hakuwa na senti. Alishika upande mmoja, nami upande wa pili, tukamgeuza.

Hapo ndipo nilipofahamu methali niliyoifundisha darasani miaka mingi. Fedha sizidharau, ndizo zilizonunua dawa. Lakini methali inataja kidole, na kidole hakitumwi. Kinakwenda na mkono, na mkono unakwenda na mwenyewe.

Basi, ndugu zangu, tunapoisema methali hii tusiwatazame wengine tu. Kila mmoja ajiulize kidole chake kilikuwa wapi jirani alipokihitaji. Mimi nilichelewa kujiuliza. Siku hizi nikisikia kuna msiba, kwanza navaa viatu.