Mgonjwa Haulizwi Uji: Je, Hata Paka?

Toka Kavimvira mpaka Kalundu, nyumba nyingi za Uvira zinafuga paka. Hatumfugi juu ya urembo. Anachunga unga, mihogo na ndagala, panya wasivimalize. Wako watu wanaomuogopa, wakisema ni mnyama wa walozi, lakini hata wao hawapendi panya. Sasa, paka akiugua tunafanya nini? Wengi wanajibu: "Acha, paka ana roho saba, atapona yeye mwenyewe." Wengine wanamtafutia dawa, na hapo ndipo vita vinaanza: anafunga mdomo, anatoa makucha, kiisha anatema kinini chini ya kiti. Swali letu ni hili: tuna haki gani ya kumlazimisha, ao kumdanganya, kiumbe asiyetaka kile tunachokiita mema yake?

Wazee walituachia methali: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake, mutu aliyelegea hana nguvu za kuchagua, basi anayempenda asingoje ruhusa. Tunakubali. Paka hawezi kufahamu kwamba uchungu wa leo unaleta uzima wa kesho. Yeye anajua uchungu tu. Kumuacha afe na kusema "mwenyewe alikataa" si kumheshimu, ni kukimbia kazi.

Lakini tuiangalie methali vizuri. Inasema uji, haisemi kitu chochote kile. Uji unajulikana na wote kwamba haudhuru. Kwa hiyo, anayeruka ruhusa ya mgonjwa anabeba mzigo mwingine, ni kusema mzigo wa kujua. Kama paka haulizwi, basi mwenye kujua aulizwe kwa nafasi yake. Mfano uko karibu: mutu anavunja kipande cha paracetamol iliyobaki nyumbani, anampa paka mwenye homa. Kwa binadamu, dawa hiyo katika kipimo chake inasaidia. Kwa paka ni sumu, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja kama letu, na hata kipande kidogo kinaweza kumuua. Huyo mutu alikuwa na huruma, lakini huruma bila maarifa imeua. Nguvu ya mkono haitoshi kuwa haki.

Tuje kwenye udanganyifu. Kwa mutoto mdogo tunatia sukari ndani ya dawa chungu. Kwa paka hiyo haisaidii: wachunguzi walionyesha mwaka 2005 kwamba paka haonji utamu hata kidogo. Ndiyo maana watu wanaficha kinini ndani ya kipande cha samaki. Je, huo ni uongo? Sisi tunaona hapana, maana paka hakuambiwa neno akaliamini. Lakini anaamini kitu kingine: harufu ya sahani na mkono unaomlisha. Tukisaga dawa chungu ndani ya chakula chake chote, anaweza kukataa kula siku nyingi, na imani ile inapotea. Heri tumpe kipande kimoja kidogo chenye dawa, sahani yake ibaki safi. Kama atakataa, tumfunge polepole ndani ya kitenge, tuweke kinini nyuma ya ulimi, tufunge mdomo, kiisha tumpe maji kidogo, sababu kinini kikavu kinaweza kukwama na kuumiza koo. Nguvu iwe fupi, na isiwe na hasira.

Mutoto ni mambo mengine. Mama anayemwambia "kunywa, ni tamu sawa sukari" anasema uongo wa kweli, kwani mutoto anafahamu maneno. Kesho hata uji atauogopa. Na kumziba pua ili ameze ni hatari, dawa inaweza kuingia kwenye mapafu. Afazali aambiwe: "Ni chungu, mutoto wangu, lakini itaisha mbio." Tena ashikwe kwa upendo.

Na mutu mzima? Hapo methali inafika mwisho wa njia yake. Uvira imeteswa na kolera kwa miaka mingi, na mwaka 2020 watu walipewa chanjo ya kunywa. Kazi kama hiyo haifanywi kwa kukamata watu midomo. Inataka kueleza, kusikiliza maulizo, hata yale yanayochosha, na kujibu bila zarau. Kiongozi ao muganga anayetendea watu wazima kama paka wa nyumbani, hata akiwa na dawa nzuri, anawafundisha kufunga mdomo.

Kitabu cha Mezali, sura ya 12, kinafundisha kwamba mwenye haki anajali uzima wa mnyama wake. Ndugu zetu Waislamu nao wana hadithi ya mwanamke aliyeazibiwa kwa sababu alifungia paka mpaka akafa na njaa. Dini zote mbili zinakubali kwamba mnyama yuko chini ya mkono wetu, lakini mkono huo utatoa hesabu.

Kwa kumaliza, tunapendekeza vipimo vitatu kwa kila mwenye kumpa dawa asiyeitaka: Je, ninajua dawa hii, ao ninabahatisha? Je, ni kwa faida yake, ao kwa faida yangu tu? Je, huyu hawezi kabisa kufahamu, ao ni mimi sina uvumilivu wa kumueleza? Asiyeweza kujibu hayo matatu, aweke kwanza kinini chini.